Roli ba ya Starlet uani kwangu: anza na sakafu

Kabla ya kusema spana gani na bolti gani, niseme kwanza nilichokiona kwa macho yangu, manake ndicho kilichonifanya nifunge roli ba yangu, ile fremu ya paipu inayozuia paa lisikubonyee gari ikipinduka, hivi nilivyoifunga. Jamaa yangu mmoja alipindua gari kwenye autokrosi, zile mbio fupi za uwanjani za kushindana na saa, uwanja wa murram, na wala hakuwa na mwendo wa kutisha. Tairi ya mbele ilichimba kwenye kona, gari ikanyanyuka, ikaviringika ikatulia juu ya paa. Mwenyewe alitoka mzima, alhamdulillahi, michubuko tu ya mabega. Gari ilipofikishwa gereji nikaingia ndani na tochi kuangalia roli ba, na paipu yenyewe ilikuwa nzima kabisa, haikupinda, rangi haikubanduka hata. Lakini mguu wa kulia ulikuwa umezama kwenye sakafu vidole vinne. Umepasua bati ukatokea chini. Pale chini palikuwa na washa nne ndogo za kawaida tu, zimeshuka pamoja na mguu. Paa lilishuka kadiri ile ile mguu ulivyozama, na ile nafasi ndogo iliyokuwa kati ya helmeti na paa ndio iliyoliwa.

Tangu siku hio mtu akiniuliza habari za roli ba huwa ananianzia na unene wa paipu na rangi, na mimi namuuliza sakafu yako ikoje. Paipu ni muhimu, nitafika huko, lakini paipu nzuri juu ya bati bovu haikusaidii kitu.

Gari yangu ni Starlet EP91, zile za 1996 mpaka 1999, milango miwili na wa nyuma, nyepesi, kilo 900 hivi. Imekaa Mombasa miaka mingi na upepo wa bahari unajulikana unavyokula chuma. Ninachoeleza hapa ni nusu keji ya kufunga kwa bolti, yaani tao kubwa nyuma ya siti za mbele, miguu miwili ya kuegemea inayoenda nyuma mpaka juu ya matao ya tairi, paipu moja ya mshazari ndani ya tao, na moja ya kulala ya kufungia mikanda. Miguu minne jumla. Keji kamili inayopita milangoni na kwenye kioo cha mbele sio kazi ya uani, hio mpelekee mtu anayeifanya kila siku. Na kama unataka kushindana na sio kukimbia siku za wazi tu, chukua kanuni za KMSF, shirikisho la mbio za magari la Kenya, na za FIA, lile la dunia nzima, usome kabla ya kununua kitu, manake mkaguzi hatakusikiliza ukimwambia ulisoma mahali.

Kitu kingine kabla hatujaendelea. Kama hii gari ndio inapeleka watoto shule, usifunge. Nasema hivo kwa moyo wote. Ile paipu iko karibu na kichwa cha anayekaa mbele, na anayekaa nyuma ndio mbaya zaidi, iko mbele ya uso wake kabisa. Ukiwa na helmeti sawa. Bila helmeti, ajali ndogo ya barabarani ambayo ungetoka na uvimbe, kichwa kinakutana na chuma. Mimi nilitoa siti ya nyuma na mikanda yake yote siku ile ile ili hata nikisahau, mtu akose pa kukaa.

Haya, paipu. FIA kwa tao kubwa wanataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa baridi, cha nguvu isiyopungua 350 N/mm², na kipimo ni 45 kwa 2.5 milimita au 50 kwa 2.0. Paipu zingine zinazobaki ni 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Hivyo ndio vipimo vya chini. Hapa kwetu hatari kubwa ni paipu ya maji. Ile GI, yaani iliyopakwa zinki, ya inchi moja na nusu ukiipima nje ni milimita 48.3, kwa hivo ikipigwa rangi nyeusi hakuna macho yatakayoitofautisha na paipu ya keji, na fundi asiye na nia mbaya kabisa anaweza kukutengenezea nayo kwa sababu yuko nayo na ni nene. Nene kweli, hata nzito kuliko ya keji, lakini ile imetengenezwa kubeba maji, ina mshono urefu wake wote, na nguvu yake hakuna aliyekuhakikishia.

Kujua ni rahisi ukiwahi kabla haijazibwa ncha. Ingiza kidole ndani ya paipu ukizungushe, ukihisi kimstari kimeinuka, huo ni mshono. Angalia rangi ya ndani, ikiwa na kijivu cha zinki, rudisha. Alafu vernia, ile rula ya taya ya kupimia unene, kwenye ncha, pima nje na pima unene sehemu tatu tofauti. Na mizani: mita moja ya 45 kwa 2.5 ina kilo 2.6, ya 38 kwa 2.5 ina kilo 2.2 hivi. Ikipungua sana hio ni paipu ya fanicha ya milimita moja na nusu, na ikifika tatu na nusu hio ni ya maji. Mwombe muuzaji karatasi ya kiwandani inayoonyesha ni chuma gani. Asiyekuwa nayo, nenda kwa mwingine.

Kama unaweza kuagiza roli ba iliyotengenezwa tayari kwa gari yako na kampuni inayojulikana, agiza, utapunguza nusu ya kazi hii. Mimi sikuipata ya EP91 kwa bei ninayoiweza nikanunua paipu, nikampelekea mzee mmoja wa weldi ambaye kazi yake ni boila na vyombo vya presha. Huyo ndio mtu wa kumtafuta, sio wa mageti na madirisha. Kukunja kufanyike baridi, mashine ya kukunja na sio kuchoma moto ukajaza mchanga. Kona iwe pana, kipimo ni nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha paipu, kwa 45 ni milimita 135. Baada ya kukunja pima pale kwenye kona kwa vernia, upande mwembamba gawanya kwa upande mpana, ikitoka chini ya 0.9 paipu imebonyea na haifai. Mimi kona moja ilitoka 0.86. Mzee hakubishana, akaiweka pembeni akakata paipu nyingine.

Weldi nilitaka kuiona na macho, nikamwambia mzee nina wasiwasi, nisamehe. Hakukasirika. Alichukua vipande viwili vilivyobaki akavishona, akavipitisha kwenye msumeno katikati ya ule mshono, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa. "Angalia hapa mwanangu," akaniambia. "Pakionekana kamstari keusi kati ya weldi na paipu, hio imekaa juu juu kama gundi. Hapa huoni mstari." Kweli sikuuona. Mwombe fundi wako afanye hivo hivo, na mwenye ujuzi wake hatakataa. Weldi izunguke paipu yote bila kuruka, afadhali iwe ya mig au tig, zile za umeme zinazokingwa na gesi. Ukiwa na mashine ya stiki nyumbani na huwa unashona viti, tafadhali usijaribu hapa.

Tuje nyumbani sasa. Toa betri kwanza. Kama gari yako ina eabegi za ubavuni au mikanda inayojivuta kwa baruti, soma kitabu cha gari ungoje muda kinaosema kabla ya kuchomoa soketi yoyote iliyo chini ya siti, zile za manjano hasa. Toa siti zote, toa mikanda, toa plastiki za kando, inua kapeti lote lisibaki hata pembe. Usikunje kapeti ukaliegemeza nyuma eti litakaa, litoe nje. Chini yake utakuta lami, ile shiti nyeusi ya kuzuia kelele. Chora mahali mguu utakapokaa, ongeza vidole viwili kila upande, alafu ibandue lami hio yote kwa patasi butu mpaka bati. Hapa watu wengi wanaruka, wanasema itabanwa tu. Itabanwa kweli, na itaendelea kubanwa kila siku jua likipiga, na bolti ulizokaza zitakuwa zimelegea bila wewe kujua. Usitumie moto kuilainisha, tangi la mafuta liko chini ya siti ya nyuma na mvuke wa petroli hauonekani.

Bati likiwa wazi, chukua bisibisi kubwa na nyundo ndogo, gonga kwa mpini wa bisibisi sehemu yote. Bati zima linalia, sauti inakwenda mpaka mlangoni. Bati lililoliwa linajibu kavu kama boksi. Pale panapojibu hivo geuza bisibisi utoboe, na usilionee huruma, manake kama bisibisi inapita kwa mkono mguu wa keji utapita vipi. Yangu ilikuwa imeoza upande wa kushoto mbele ya tao la tairi, ukubwa wa sahani ndogo, juu rangi nzuri kabisa. Nilisimamisha kazi wiki tatu. Fundi wa bodi akakata bovu lote mpaka akafika chuma kisafi, akashonea bati jipya la unene ule ule, sio kiraka juu ya kutu. Kama nusu ya sakafu yako imekwisha basi roli ba ingoje, na pengine gari yenyewe sio ya kupeleka kwenye njia ya mbio.

Sasa pleti, na hapa nitakaa kidogo. Kila mguu unakuwa na pleti mbili, moja imeshonwa kwenye paipu inakaa juu ya sakafu, nyingine iko chini ya gari, na bati la sakafu linabanwa katikati kama nyama kwenye mkate. FIA wanasema pleti ya kuimarisha chini ya tao kubwa isipungue sentimita za mraba 120 na unene milimita 3, na bolti zisipungue tatu za M8, yaani unene milimita 8, za daraja la nguvu la 8.8. Kwa miguu ya nyuma ni sentimita za mraba 60 na bolti mbili. Mimi nilizidisha. Za tao zinazokaa juu ya sakafu nilikata 12 kwa 15, hio ni 180, alafu nikaziacha zipande sentimita 6 juu ya ukingo wa mlango ili ziwe na umbo la L. Ile sehemu inayopanda ndio inafanya kazi kubwa, manake sakafu ni bati moja jembamba lakini ukingo ni bati kadhaa zimepandana na kushonwa kiwandani, mguu ukitaka kuzama unakuta umeshikwa na ukingo mzima. Pembe za pleti zote zizungushe kwa grenda, pembe kali inakata bati kama kisu siku ya ajali.

Kata kwanza kwa kadibodi ya boksi. Weka, bonyeza, kata, weka tena, mpaka ikae bila kuchezacheza. Sakafu ya gari sio bapa, ina mikunjo, na kama pleti inakalia mgongo wa mkunjo huku pembeni kuna nafasi, usifikirie utaivuta ikae kwa bolti, ukivuta unapinda sakafu na nguvu yote ya mkunjo inapotea. Ama sogeza mguu, ama pleti ikunjwe ifuate umbo. Na jihadhari na boksi, yale mahali ambapo bati ni mbili na katikati pana uwazi. Bolti ikipita kwenye boksi ukaikaza, boksi linabonyea na bolti haiwi imekaza kitu. Hapo lazima utie bushi, kipande cha paipu nene kinachojaa ule uwazi, bolti ipite ndani yake.

Tao likae wima, kichwa cha mguu kiwe karibu na nguzo ya kati ya mlango. Ile miguu ya nyuma iteremke kwa pembe isiyopungua nyuzi 30 kutoka wima, ikisimama sana haizuii tao kulala nyuma. Na mshazari uanzie juu upande wa dereva, kwetu kulia, ushuke mpaka chini kushoto.

Kutoboa ndio sehemu iliyonitoa jasho. Inua gari nyuma na mbele, stendi nne, usitegemee jeki hata kidogo, alafu ingia chini na chaki na tochi. Chora kila kinachopita: paipu za breki, paipu za mafuta, kebo ya hendibreki, ekzosi, tangi. Piga picha. Kwenye gari zingine paipu za mafuta zinapita ndani ya kabini chini ya kapeti, kwa hivo angalia pande zote mbili. Sasa kosa langu, na ulisikie vizuri. Nilipima ndani kutoka kwenye ukingo wa mlango, nikashuka chini nikapima kutoka kwenye ukingo huo huo, nikaona niko mbali na kila kitu. Nikatoboa tundu la kwanza. Nilipoingia chini kuangalia, biti ilikuwa imetokea upana wa kidole kimoja tu kutoka kwenye paipu ya breki, na nilikuwa nimepanga iwe mbali kabisa, kiganja kizima. Ukingo wa ndani na ukingo wa chini sio kitu kimoja, kuna bati katikati na zimepishana. Nilikaa chini ya ile gari nikaiangalia ile paipu muda mrefu.

Tangu hapo napima kutoka kwenye kitu kinachoonekana juu na chini kwa pamoja. Gari nyingi zina vizibo vya mpira kwenye sakafu, matundu ya kiwandani ya kutolea maji. Ng'oa kizibo kimoja, hilo tundu ni lile lile ukiwa ndani na ukiwa chini, na kipimo chako hakitakudanganya. Ukiwa na vizibo viwili bora zaidi, unapima kutoka kote kuwili na mistari ikikutana hapo ndio penyewe.

Na biti usiiache wazi yote. Kata kipande cha hozi nene kiivae ile biti, kiache milimita 8 hivi tu mbele. Ikishatoboa bati hozi inagonga sakafu na biti haiendi kokote, hata ukiwa umeegemea kwa uzito wote. Gonga senta panchi kwanza, anza na biti ya 3, shuka chini ukaangalie, ukiridhika ndio ukuze kwa 6 alafu kipimo cha bolti. Asiwe mtu chini ya gari wakati unatoboa. Zimamoto iwe karibu na mkono wako, na ukitumia grenda ndani, funika vioo vyote na gunia lililoloweshwa, cheche za grenda zinachoma kioo zikaacha vidoa visivyotoka milele.

Kila tundu likishatobolewa lina chuma kitupu pembeni na hapa pwani chuma kitupu hakikai wiki. Toa makali kwa faili, futa kwa thina, paka redi oksaidi ndani ya tundu na kwenye bati lote pleti itakapokaa, ikauke, alafu rangi. Zile chembe za drili nazo zikusanye zote, zikibaki chini ya kapeti kila moja inazaa doa la kutu. Mimi natumia sumaku ya spika mbovu iliyowekwa ndani ya mfuko wa plastiki, unapitisha sakafu nzima, ukiutoa mfuko chembe zinaanguka zote, unarudia mpaka sumaku itoke tupu.

Kuingiza tao lenyewe tafuta mtu wa pili mvumilivu. Zungushia blanketi, toa taa ya paani na kama kitambaa cha paa kinasumbua kiteremshe, sio kukilazimisha. Langu liliingia mlango wa abiria, miguu kwanza, limelazwa ubavu, alafu tukalisimamisha ndani taratibu. Seti nzima na pleti zake ni kilo 22 hivi, sio nzito ila ni pana na inachubua kila inapogusa. Bolti nilitumia M10 nne kwenye kila mguu wa tao na M8 tatu kwenye kila mguu wa nyuma. Kichwani mwa bolti pasome 8.8. Ile isiyo na maandishi, hata muuzaji akuapie, irudishe kwenye boksi lake. Nati ziwe zenye nailoni ndani, mpya, na ukishafungua usizirudishe. Bolti ikikaza itokeze hesi mbili tatu nje ya nati.

Paka silanti pembeni ya pleti ya chini maji yasiingie, alafu tia bolti zote kwa mkono kwanza, zote, miguu yote minne na viungo vya miguu ya nyuma, kabla ya kukaza hata moja. Ukikaza mguu mmoja mapema wa nne hautaingia na utaanza kupanua matundu kwa hasira. Zikishaingia zote kaza kidogo kidogo kwa mshazari, malizia na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika: M8 kwa Nm 25, M10 kwa Nm 45 hivi. Hakuna toki renchi, azima. Piga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye pleti, kila nati, utanishukuru mbele.

Sasa rudisha siti, vaa helmeti, funga mkanda, na umwambie mwenzio apime. Kutoka helmeti mpaka paipu yoyote mimi nataka sentimita 5 zisipungue, na hio ni ukiwa umejiegemeza kabisa. Popote kichwa kinapoweza kufika panataka pedi, na pedi ni ile ngumu yenye namba ya kiwango FIA 8857-2001 au SFI 45.1. Ukiiminya kwa kidole haibonyei kirahisi na watu wanaiona kama imeharibika, lakini ugumu ule ndio unaokula nguvu ya kichwa chenye helmeti. Ile sponji nyeusi ya paipu za AC inayouzwa kila hadwea inapendeza macho tu, kichwa kinaipitia kinagonga chuma kama haipo. Siti ya kawaida ya kulaza nayo ina shida, ukigongwa nyuma mgongo wake unalala na kichwa kinafuata paipu, kwa hivo siti ya baketi isiyolala ni sehemu ya kazi hii hii, usiiweke mwaka ujao.

Mikanda ya mabegani ipite kwenye ile paipu ya kulala, iende nyuma karibu na usawa, ikiteremka isizidi nyuzi 20. Usiifunge kwenye sakafu nyuma. Mkanda unaoshuka mpaka sakafuni, gari ikigonga unakuvuta mabega chini na uti wa mgongo ndio unaobeba. Na upande wa pili pia: mikanda ya mbio ya pointi sita bila roli ba usifunge, manake imekushika wima, paa likishuka huna pa kuinamia. Vitu hivi vitatu, ba, siti na mikanda, vinaingia pamoja ama visubiri pamoja.

Piga simu kwa bima yako pia uwaambie kilichobadilika, uandikiwe.

Siku ya kwanza njiani niliendesha taratibu mtaani, nikarudi, nikapita na tochi chini. Nikaenda Nairobi, kilomita karibu 480, nikaangalia tena kabla ya kuingia njia ya mbio, mistari myeupe yote iko sawa. Baada ya siku nzima ya kukimbia, mguu wa nyuma kushoto nati mbili mstari ulikuwa umeachana, sio nati iliyozunguka bali pleti ndio iliyotulia, na toki renchi ilipozivuta zilikubali robo ya mzunguko kabla ya kulia. Za miguu mingine hazikusogea. Nilijua mara moja. Pale chini ndipo nilipokuwa nimechoka siku ya mwisho nikaacha ile rangi nene ya chini ya gari bila kuikwangua, nikasema haina neno, pleti itaibana. Niliporudi Mombasa niliufungua mguu ule, nikakwangua mpaka bati, praima, rangi, nati mpya, Nm 25, mstari mpya mweupe. Zimepita siku nne za mbio tangu hapo na bado naingia na tochi kila mara kabla sijavaa helmeti.